Kumtafuta babu wa babu Lamu: somo la hatua kwa hatua

Wengi wakianza kutafuta nasaba hukimbilia jina. Lamu, jina litakuzungusha. Mtoto hupewa jina la babu yake, basi ukoo mmoja unaweza kuwa na Ali bin Omar bin Ali bin Omar, na wote wameishi mtaa mmoja. Wewe shika nyumba. Nyumba ya mawe hubaki, na kila ikihama mkono huacha maandishi.

Hatua ya 1: Wazee, hasa kina nyanya
Usiulize "alizaliwa mwaka gani?" Atakayekujibu atabahatisha. Uliza: vita vya 1914 vilimkuta ameoa au bado mtoto? Waingereza walipoipiga Witu, ule mji wa bara karibu na Lamu, mwaka 1890, alikuwa keshazaliwa? Alizaliwa nyumba ipi, nani alikuwa jirani, nani alimnyonyesha? La jirani usiliruke. Andika jina zima pamoja na lakabu, nisba (jina la ukoo au la asili) na mtaa, Mkomani au Langoni.

Hatua ya 2: Karatasi za nyumba
Hapa ndipo penye mali. Omba kuona za sandukuni: mauzo, hiba (zawadi), wakfu, mgao wa mirathi. Kabla ya yote soma mipaka minne: "kaskazini nyumba ya fulani binti fulani, mashariki njia". Huyo jirani mara nyingi si mtu baki. Desturi ya wenye nyumba za mawe ilikuwa baba kumpa binti nyumba akiolewa, na nyumba za ndugu zikaunganishwa kwa wikio, yaani daraja lililojengwa juu ya njia. Kwa hiyo wanawake, ambao silsila nyingi (orodha za nasaba) huwaruka, kwenye hati wamo, kwa majina yao na ya baba zao. Silsila ya wanaume watupu mimi naihesabu nusu.

Hati kongwe nyingi ni za Kiarabu, nyingine Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Piga picha, karatasi iliyokauka usiikunjue kwa nguvu, kisha mpelekee mwalimu aliyezoea maandishi ya mkono.

Hatua ya 3: Tarehe
Mwaka wa Hijria ugawe kwa 33, jibu ulitoe kwenye mwaka huohuo, uongeze 622. Mwaka 1318 unatoa 40, unabaki 1278, ukiongeza unapata 1900. Unaweza kukosea kwa mwaka mmoja, si zaidi.

Hatua ya 4: Kwa kadhi
Sheria ya kusajili ndoa na talaka za Kiislamu ilitungwa mwaka 1906. Kwenye ndoa mwangalie walii, yaani aliyemwozesha bibi harusi: akiwa si baba, yumkini baba kafa, na aliyeshika nafasi yake ni ndugu au ami ambaye hukuwa ukimjua. Kesi za mirathi huorodhesha warithi wote.

Hatua ya 5: Nyaraka za serikali
Ripoti za wilaya ziko kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Familia ikiwa na shamba upande wa Malindi, tafuta madai yaliyopelekwa kwa sheria ya ardhi ya 1908.

MASWALI

Kutoka Langoni: Nyanya mzaa babu yangu alikuwa mjakazi. Silsila haimtaji, na wazee wakiulizwa hugeuza mazungumzo.

Jibu: Usiwabane barazani mbele za watu, nenda kwa mmoja mmoja. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 na mabwana wakaruhusiwa kudai fidia, basi anzia makaratasi ya miaka hiyo. Ujue kuwa aliyeachwa huru mara nyingi alijulikana kwa ukoo wa bwana wake, kwa hiyo nisba peke yake haithibitishi damu. Kama alikuwa suria, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, mtoto wake aliyekubaliwa na baba alizaliwa huru na kurithi. Mtafute mtoto huyo kwenye mgao wa mirathi ya baba yake.

Kutoka Shela: Ami yangu ana silsila inayofika Hadhramaut, Yemen. Niiamini?

Jibu: Vizazi vitatu vinne vya chini vilinganishe na hati. Vya juu mara nyingi vimenakiliwa kutoka silsila nyingine, kwa hiyo itafute ya tawi jingine la ukoo. Zikikosana, ziweke zote mbili, usichague inayopendeza.

Kutoka Faza: Babu alikuwa baharia, akaenda Unguja asirudi. Niende Zanzibar?

Jibu: Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, lakini nauli yako iweke kwanza. Mke aliyepotelewa na mume hakuweza kuolewa tena bila kadhi kuivunja ndoa. Kama nyanya aliolewa tena, tafuta shauri lake hapo Lamu. Humo patakuwa na habari ya safari ile na mashahidi walioijua.