Mtoto kaambiwa ana hamatoma ya retina? Soma hii kabla ya oparesheni

Hamatoma ya retina (retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) ni uvimbe adimu, sio kansa, mara nyingi uko jicho moja, na wazazi huwa wanashtuka pale mtoto anapoanza kengeza au picha ya flashi inaonyesha mboni nyeupe. Cha kwanza kabisa hakikisha daktari wa retina ameshaondoa wasiwasi wa retinoblastoma, maana ile ni kansa na jicho lake haliguswi ovyo kwa kisu wala sindano, seli zinaweza kutoka nje ya jicho.

Sasa hapa ndo wengi tunaelewa vibaya: oparesheni HAIONDOI uvimbe. Umesukwa humohumo ndani ya retina, ukiung'oa umeng'oa na retina yenyewe. Kinachotolewa ni utando mwembamba unaoota juu yake ukawa unaivuta retina mpaka inajikunja. Mtoto anapigwa nusu kaputi, vinatobolewa vitundu vitatu vidogo, ute wa ndani ya jicho unatolewa halafu utando unabanduliwa kwa kibano. Kwa mtoto ute umeng'ang'ania retina kuliko kwa mtu mzima, kwa hiyo muulize daktari bila aibu: umeshafanyia watoto wadogo? Skani ya OCT (picha ya matabaka ya retina) inaonyesha utando unavuta kweli? Kama hauvuti, kusubiri huku mnapima sio uzembe. Uliza pia kama anahitaji kupimwa nyurofibromatosisi aina ya 2, ugonjwa wa kijenetiki unaootesha uvimbe kwenye mishipa ya fahamu, maana vinaweza kuja pamoja.

Kufunga kabla ya nusu kaputi kwa kawaida ni masaa 6 kwa chakula na maziwa ya kopo, masaa 4 kwa maziwa ya mama, fuata ulivyoambiwa hata akilia.

Baadaye ni matone, na kama jicho limewekwa gesi hakuna kupanda ndege mpaka iishe. Maumivu makali, kutapika au jicho kuzidi kuwa jekundu, rudi siku hiyohiyo.

Halafu inakuja kazi yenyewe, ambayo ni yako sio ya daktari: kuziba jicho ZIMA ili ubongo ulazimike kutumia lile bovu, masaa 2 mpaka 6 kwa siku kadiri utakavyopangiwa, kwa miezi. Bila hivyo hata retina ikinyooka jicho litabaki linazembea. Tumia pachi ya kunata kwenye ngozi, ya kitambaa juu ya miwani wanachungulia pembeni, na ibandike akiwa anaangalia katuni, atasahau kuibandua.