Kufuta Windows ya zamani bila kuiua kompyuta

Umeshaweka Windows 11, inapiga kazi vizuri tu, halafu unaangalia diski C unakuta nafasi imeliwa na huelewi imeliwa na nini. Mara nyingi mlaji ni folda inaitwa Windows.old, Windows yako ya zamani imewekwa humo ili ukijuta uweze kurudi. Inaweza kula hata GB 20. Ukiiacha itajifuta yenyewe baada ya siku 10, ila kama una haraka usihangaike kuifuta kwa mkono maana itakusumbua na vibali, nenda Settings, System, Storage, Temporary files, weka tiki kwenye Previous Windows installations kisha futa. Chungulia kwanza ndani yake kwenye Users, kuna watu picha zao zilibaki humo.

Kazi ipo kwa aliyeweka mpya kwenye patisheni nyingine (patisheni ni kipande cha diski kilichogawanywa), kila akiwasha anaulizwa anataka ipi. Usikimbilie kufomati! Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, ingia Boot. Yenye maneno Current OS ndo unayotumia, hiyo usiiguse, chagua ile nyingine bonyeza Delete. Hapo umefuta jina tu kwenye menyu, mafaili bado yapo yote, ndo maana mi huanzia hapo alafu natumia mashine siku mbili tatu nione kama kuna kitu nimesahau kule.

Ukiridhika bonyeza tena Windows na R, andika diskmgmt.msc, litafunguka dirisha linaloonyesha diski na patisheni zako, usome taratibu. Patisheni iliyoandikwa Boot ndo ina Windows unayotumia, iliyoandikwa System ndo ina mafaili ya kuwashia, najua majina yamekaa kinyume lakini ndivyo yalivyo. Sasa mtego uko hapa, hiyo System inaweza kuwa imekaa kwenye diski ya zamani, ukiifuta kompyuta haiwaki tena na utaanza kutafuta flashi ya kuokolea. Kama una diski mbili zima mashine, chomoa ya zamani, washa. Ikiwaka uko salama. Isipowaka irudishe, futa ile patisheni kubwa ya Windows ya zamani peke yake na System iache ilipo.

Nafasi ikishakuwa wazi unaweza kuongeza C kwa Extend Volume, ila inakubali tu kama nafasi hiyo iko kulia kwa C na imegusana nayo, ikiwa kushoto tengeneza patisheni mpya uweke mafaili yako.