Raiskuka haina saa: maelekezo ya fundi wa Chake Chake

Kabla hujaosha mchele, toa sufuria ya ndani uiweke pembeni, kisha chungulia ndani ya raiskuka, yaani jiko la umeme la kupikia wali. Chini kabisa kuna sahani ya moto, na katikati ya sahani kuna kidude cha mviringo ambacho ukikibonyeza kinarudi juu chenyewe. Hiyo ni sensa, na huyo ndiye mpishi. Vitufe vya mbele pamoja na taa zake zote ni wapambe tu.

Mie natengeneza vyombo vya umeme hapa Chake Chake, Pemba: feni, pasi, redio, na siku hizi raiskuka zenye vitufe vingi, zinazopika wali, uji, supu, keki na kadhalika. Chombo nikishakitengeneza lazima nikijaribu, na raiskuka haijaribiwi kwa maneno, inajaribiwa kwa mchele. Ndiyo maana watu wakipita karakanani saa saba mchana hujikaribisha. Majiko mengi ninayoletewa hayana ubovu wowote. Yanaletwa kwa sababu mwenye nalo anadhani ndani mna saa inayohesabu dakika za kupika wali. Hamna.

Jambo lenyewe ni hili. Maji yakichemka hufika nyuzi joto 100 na hayapandi zaidi, hata ukiyapelekea moto namna gani, maadamu bado yapo. Mchele ukishayanywa yote, chini ya sufuria joto linaanza kupanda kupita 100. Sensa inalihisi pale pale, moto unakatwa, na jiko linahamia kwenye kuweka chakula moto. Zile za kizamani zenye swichi moja hutumia sumaku inayopoteza nguvu ikipata joto hilo, ikaachia, ukasikia "ta!". Hizi za kisasa sensa hupeleka habari kwenye sakiti. Ndiyo maana ukibonyeza kitufe cha wali, nyingi huzungusha vimistari tu kwenye kioo na huanza kuonyesha dakika mwishoni, zikibaki kama 10. Mwanzo lenyewe halijui litamaliza lini.

Ukilishika hilo, mengine yote yanajieleza.

Sensa lazima iguse kitako cha sufuria sawasawa. Punje moja ya wali ikiganda kwenye sahani, jiko husoma joto vibaya: mara linakata wali ungali mbichi, mara linaunguza. Bibi mmoja wa Wesha aliniletea lake kalifunga kwa kanga, kakata tamaa kabisa. Nilibandua ukoko mkavu uliolingana na kucha, nikamrudishia, na pesa sikuchukua. Basi kila mara futa sahani kwa kitambaa kikavu, futa na kitako cha sufuria, kisha iingize na uizungushe kidogo kulia na kushoto ikae. Usiingize sufuria inayochuruzika maji nje. Na mchele usiuoshee humo. Uoshee kwenye bakuli. Mchele wetu wa hapa una chuya na changarawe, na changarawe ndizo zinazochuna ile rangi nyeusi isiyogandisha chakula.

Kwanza hakikisha ni jiko la umeme wa hapa

Geuza jiko usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo iandikwe 220 mpaka 240. Vyombo vilivyotumika vinavyotoka Japani vingi ni vya volti 100. Ni vizuri, vizito, vinang'aa, na ukikichomeka ukutani kinakupa moshi. Transfoma ipo, lakini iwe na uwezo wa kuzidi wati za jiko, na bei yake ukiijumlisha unaona heri ungenunua jiko la pili.

Plagi nayo. Jiko likija na plagi ya pini mbili, watu huchokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu ili pini ziingie. Acheni mchezo huo. Tundu lile ni la waya wa ardhi, na kalamu nyingine zina chuma. Peleka kwa fundi uwekewe plagi ya pini tatu yenye fyuzi. Na kama jiko lina waya wa njano na kijani, huo ndio wa ardhi, usikatwe. Jiko la lita 1.8 hula wati kama 700, si mzigo mkubwa, ila usilichanganye na jagi la umeme na pasi kwenye ekstensheni moja nyembamba.

Kikombe

Kile kikombe cha plastiki kilichokuja na jiko usikitupe wala usiwape watoto wachezee mchanga. Ni mililita 180, na mistari iliyomo ndani ya sufuria inakwenda kwa kikombe hicho. Ukipima kwa bilauri ya chai halafu ukafuata mistari, hamuelewani, wewe na jiko. Kikishapotea, chupa ya maji ya nusu lita ni vikombe vitatu kasoro kidogo.

Mistari yenyewe haijui unapika mchele gani. Mchele wa mapembe, ule unaoletwa kutoka nje, ni mkavu na unataka maji: mie naupa kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kila kikombe cha mchele, na ukiwa mkongwe sana naongeza robo. Mchele wa Pemba uliovunwa juzi unatosheka na kikombe kimoja na robo. Ukizidisha unapata bokoboko ambalo hukulikusudia. Basmati iroweke nusu saa, uimwage maji, nayo kikombe na robo. Kumbuka kifuniko hiki kinabana mvuke kuliko cha sufuria ya jikoni, kwa hiyo vipimo vya jiko la mkaa vipunguze.

Wali wa nazi, kwa utaratibu

Hapa ndipo raiskuka zinapotukanwa. Mtu anakuna nazi, anakamua, anamimina tui lote na mchele, anabonyeza, anakwenda zake. Akirudi: povu limetoka kwenye tundu la mvuke limeshuka mpaka mezani, juu wali una kiini, chini umeungua. Analiona jiko bovu. Lakini fikiria sensa imeona nini. Tui zito hushika chini kwenye kitako kabla maji hayajaisha. Chini pakapata joto la kupita 100, sensa ikaamini wali tayari, ikakata.

Kwa hiyo kwa vikombe vitatu vya mchele wa mapembe, nazi moja kubwa. Kamua tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu machache, lipatikane kama kikombe kimoja, uliweke kando. Rudia chicha kwa maji mengine upate tui jepesi vikombe vitatu na nusu. Lichuje vizuri, chicha isipite. Tia mchele, tui jepesi na chumvi. Koroga mara moja, funga, bonyeza kitufe cha wali.

Sasa sikiliza. Mwanzo kimya, halafu mchemko, mvuke mwingi. Mvuke ukipungua na sauti ikawa ya kutokota chini chini, fungua: utaona maji yameshuka na juu ya wali pametoboka vitundu. Huo ndio wakati wa tui zito. Limimine kwa kuzungusha, pindua wali kutoka kandoni mara moja tu kwa mwiko wa mti, funga tena. Jiko halikasiriki kwa kufunguliwa, mradi usikawie. Likishahamia lenyewe kwenye kuweka moto, usiguse kifuniko dakika 15. Hizo ndizo badala ya kupalia makaa.

Mke wangu alinipinga sana katika hili, akisema wali usiopaliwa hauna ladha. Tulipofika kwenye ukoko tukapatana. Jiko likishakata, tia kijiko cha samli pembeni ishuke, subiri kama dakika 10, bonyeza kitufe cha wali tena. Ukibonyeza mapema linakataa, kwa sababu sensa bado ina joto. Likikubali, lipe dakika chache mpaka likate la pili. Ukoko unatoka wa rangi ya dhahabu, mzima mzima. Ladha ya moshi wa makumbi hautaipata, hilo nakiri, na mwenye kuitaka ana haki yake.

Wali wa nazi usiulaze kwenye kuweka moto usiku kucha. Unageuka rangi, unanuka, na uniti za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, zinakwenda kidogo kidogo bila kusimama. Tena usizime ukauacha umefunikwa humo mpaka asubuhi. Kwa joto letu unachacha. Kile kitufe cha kuchelewesha kupika nacho, unachopanga usiku ili ukute uji asubuhi, kitumie kwa maji na nafaka tu. Tui, nyama au samaki wabichi wasikae saa sita katika jiko la baridi.

Pilau

Kama jiko lako lina kitufe cha kukaangia, kaanga vitunguu humo. Kama halina, kaanga kwenye karai pembeni, maana mafuta yakipata moto hupita 100 upesi na sensa itakata kila dakika. Nyama ichemshe kwanza na thomu, tangawizi na chumvi. Supu yake ndiyo maji yako: kwa vikombe vitatu vya basmati iliyorowekwa, supu vikombe vinne kasoro robo. Mdalasini, hiliki, pilipili manga na bizari ya pilau vitie vizima. Vya unga vinatua chini na kuungua, na tumeshaona vitu vinavyoshika chini vinafanya nini. Ukitaka vya unga, vikaange pamoja na vitunguu. Karafuu tatu nne zinatosha, hata kama uani kwako zimeanikwa jamvi zima. Mbatata zikate kubwa uziweke juu, sio chini.

Mkate wa kumimina

Huu ndio ulionifanya niheshimu kitufe cha keki. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, mwaga maji, saga kwenye blenda na kikombe kimoja mpaka kimoja na robo cha tui zito, hadi uwe laini kabisa. Tia hamira kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kikombe au kidogo zaidi, hiliki. Acha uumuke mpaka uwe na mapovu juu. Paka sufuria samli chini na ubavuni, mimina, usijaze kupita nusu, bonyeza keki. Kitufe hiki, tofauti na cha wali, huenda kwa dakika, weka 45. Juu utabaki mweupe kwa sababu moto unatoka chini tu. Upindue kwenye sahani, uurudishe upande wa pili dakika 10.

Kuhusu kupika kwa mvuke sina mengi: maji vikombe viwili chini, kile kichujio juu, samaki changu mmoja aliyepakwa chumvi na ndimu, dakika 15 hivi, tazama kama mnofu unaachia mwiba.

Vitufe vya uji na supu hupika kwa moto mdogo wa muda mrefu. Bokoboko linafaa sana huko, ngano na nyama masaa mawili matatu, lakini kulipondaponda kusifanyike humo. Lihamishie kwenye sufuria ya kawaida ndipo ulipige mwiko. Maharage mekundu ndiyo ya kuangalia. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Yaroweke usiku, mwaga maji yale, yachemshe kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha ndiyo uyatie kwenye moto wa pole pole.

Umeme ukikatika

Pemba tumeunganishwa na Gridi ya Taifa kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na hali si ile ya majenereta, lakini kukatika kupo. Katikati ya wali, usifungue kifuniko. Umeme ukirudi baada ya muda mfupi, bonyeza wali tena. Sensa itaendelea na maji yaliyobaki, haihitaji kujua ilikuwa imefika wapi. Keki na mkate ndivyo vinavyoharibika, kwani hesabu ya dakika imepotea: choma kijiti, tazama, kadiria. Umeme unapokatika chomoa plagi, maana ukirudi huja kwa kishindo, na sakiti za majiko haya ni laini. Moja likifa kabisa, haliwaki hata taa, mara nyingi ni fyuzi ya joto iliyo chini ya sahani, kitu cha bei ndogo. Asikuuzie mtu sahani nzima kabla hajaipima. Na fyuzi ile haifi bure: mara nyingi huwa jiko limepata joto kupita kiasi.

Kifuniko cha ndani na kile kikopo cha mvuke hutoka; vioshe kila ukipika nazi, la sivyo vinashika harufu ya mafuta yaliyooza. Mwili wa jiko usitumbukizwe majini, kamwe. Ukishakauka, lifungie mahali pasipo sisimizi. Pale chini pana joto na makombo, na mijusi nao hupapenda: mwezi uliopita nilifungua moja nikakuta mayai mawili juu ya sakiti, mwenye jiko akawa hataki hata kulibeba kurudi nalo nyumbani.