Kupinga Ada ya Maegesho ya Uingereza Ukiwa Malindi
Mkaazi wa Malindi aliyeacha gari London mikononi mwa jamaa, kisha akatumiwa picha ya barua ya kampuni binafsi ya maegesho, asiharakishe kulipa wala kumtaja dereva. Kwa sheria ya mwaka 2012 inayotumika England na Wales, aliyesajiliwa kwa gari hilo hudaiwa badala ya dereva iwapo tu kampuni imetimiza masharti. Kama hapakubandikwa notisi kwenye kioo, barua yapasa kufika anwani ya usajili ndani ya siku 14 tangu gari kuegeshwa. Linganisha tarehe hizo kwanza, kwani hoja hii ina uzito kuliko kulalamikia bei. Rufaa ya kwanza huandikiwa kampuni yenyewe. Ikikataa na kukuelekeza POPLA, chombo huru kinachosikiliza rufaa za maegesho, una siku 28 za kukata rufaa huko.