Kushuka Dar na mtoto mchanga: kuanzia mlango wa ndege hadi kwenye gari

Wazazi wengi hujiandaa kwa saa za angani, kisha wanakwama kwenye ile saa moja au zaidi baada ya ndege kutua, ndani ya Jengo la Tatu la Abiria pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Ndege kubwa mbili zikifuatana, ukumbi wa uhamiaji hujaa, na mtoto bado amevaa sweta la London.

Anza na begi la chini ya kiti. Mabegi makubwa utayaona mwisho kabisa, kwa hiyo kila kitakachohitajika kabla ya nyumbani kikae humo: pampasi nne, waipsi, nguo mbili nyepesi za pamba, na blauzi moja ya mama, maana mtoto akicheua maziwa hachagui pa kuyamwagia. Anayetumia maziwa ya kopo apime unga mapema na kuuweka kwenye vichupa vikavu, kila kimoja mlo mmoja. Maji ya kukorogea yawe ya nyuzi 70 au zaidi, kwa kuwa unga wa maziwa unaweza kuwa na vijidudu hata kopo likiwa jipya. Kisha poza hadi tone likidondoka kwenye kiwiko lisichome. Yakishakorogwa yatumike ndani ya saa 2, na mabaki yamwagwe. Omba wahudumu wakujazie maji ya moto kwenye chupa ya chai saa moja kabla ya kutua. Ukichelewa, watakuwa wameshakaa na kufunga mikanda.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kuingia na rundo lake kwa ajili ya pampasi chafu. Beba mfuko wa kitambaa usiopitisha maji, unaofuliwa.

Badilisha pampasi kabla taa ya mikanda haijawaka, hata kama haijajaa sana. Kisha ndege inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, mpe titi au chupa. Kumeza ndiko kunakofungua ule mrija mdogo kati ya koo na sikio ili hewa ilingane pande zote mbili. Kosa la kawaida ni kumshibisha ndege ikiwa bado juu: analala, hamezi chochote wakati wa kushuka, anaamka na masikio yanauma na titi hataki. Aliyelala tayari mtie chuchu mdomoni taratibu.

Kigari cha mtoto kilichokabidhiwa mlangoni mwa ndege si lazima ukipate mlangoni unaposhuka. Wakati mwingine hutokea kwenye mkanda wa mizigo, yaani baada ya foleni zote. Uliza wakati wa kukikabidhi, usome na kile kibandiko, hasa kama ulibadilisha ndege njiani. Sisi tungesema panga kama vile kigari hakipo kabisa. Mbeleko inatosha, mikono yote miwili inabaki huru kwa makaratasi. Asiyekaza shingo abebwe kifuani, uso uonekane, kidevu kisilalie kifua.

Makaratasi sasa. Mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, na aliyezaliwa ughaibuni akabeba pasipoti ya huko huenda akahitaji pia viza yake, hata akiwa na wiki sita. Ya kawaida ni dola 50. Wamarekani hulipa dola 100 kwa ile ya kuingia mara nyingi. Iombe mtandaoni kabla ya safari. Ukiiacha hadi uwanjani utapanga foleni ya kulipia kwanza, halafu ya muhuri, na noti za dola zilizochakaa au za zamani sana hukataliwa. Cheti cha homa ya manjano huulizwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, au waliokaa uwanja wa ndege wa nchi hizo zaidi ya saa 12 wakiunganisha. Watoto chini ya mwaka 1 hawadaiwi. Mzazi anayesafiri peke yake abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa, hasa kama majina ya ukoo hayafanani.

Kwenye foleni, msalimie mhudumu aliyesimama mwanzoni, mwambie una mtoto mchanga. Mara nyingi utapitishwa mbele. Usisubiri mtoto alie ndipo uombe. Dirishani mvue kofia, afisa aone uso.

Mkiwa wawili, mmoja akae na mtoto mbali na mkanda wa mizigo, kwani pale watu huvuta mabegi bila kuangalia nyuma. Maziwa yakipita kwenye eksirei hayaharibiki. Katoni za pampasi mpya na nguo zenye lebo za bei huvuta maswali ya ushuru. Ng'oa lebo, fungua katoni, gawanya vitu kwenye mabegi.

Kabla ya kutoka nje, kaa chini umnyonyeshe. Nje kuna joto, na kuna ndugu, na kila ndugu anataka kumpakata. Zaidi ya hapo, Barabara ya Nyerere kuelekea TAZARA jioni inaweza kusimama kabisa, nawe hutaki kuanza kutafuta chupa katikati ya msongamano. Ukitua usiku, mvalishe mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Dawa za kufukuza mbu zenye kemikali iitwayo DEET asipakwe aliye chini ya miezi 2.

Teksi kwa kawaida hazina kiti cha mtoto. Njoo nacho au mwambie anayekupokea akilete, na ukikitoa kwenye mizigo kikague kama kina ufa. Kifungwe kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kile ambacho mtoto hukaa akitazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Gari likiwa limekaa juani, gusa chuma cha mkanda kwanza. Akilia njiani, dereva asimame pembeni ndipo umtoe. Na asiyefikisha miezi 6 asipewe maji hata jua likiwaka vipi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.