SOMO: Mayai 12, siku 21, watoto watatu (jinsi tunavyosoma sayansi nyumbani bila maabara)

Wadau habari zenu. Hii naiandika mara moja niwe naielekeza kwa kila anayeuliza, maana haipiti wiki sijapata meseji ya "dada watoto wako hawaendi shule, sayansi wanasomaje bila maabara", namjibu huyu leo kesho anakuja mwingine na swali lile lile neno kwa neno.

Sisi tuko Morogoro, watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 5, wanasomea nyumbani. Siku nyingi ni za kawaida tu, hesabu asubuhi, kufua, sokoni wa kati anapiga hesabu ya chenji kabla muuzaji hajamaliza, jioni kusoma kwa sauti. Ila mara mbili kwa mwaka tunaatamisha mayai, na zile wiki tatu kwangu zina thamani kuliko kitabu chochote nilichowahi kuwanunulia. Mimi nashughulika na umeme tu. Kugeuza, kupima, kuandika, vyote wanafanya wao, hata kama yai litapasuka, na moja lilipasuka kweli.

HATUA YA 1. Mayai yenye mbegu, yaani ya kuku wanaoishi na jogoo. Yasizidi siku 7 tangu yatagwe, yasioshwe, yasiingie friji.

HATUA YA 2. Boksi. Lile jeupe la povu wanalobebea samaki linatosha. Balbu ya zamani ya wati 40 inayotoa joto (za kisasa zisizopata moto hazifai), themostati (kifaa kinachowasha na kuzima balbu chenyewe kulingana na joto), bakuli la maji chini, wavu juu ya bakuli, vitundu vichache vya hewa, kioo kwenye mfuniko. Nyaya afunge mtu mzima anayejua.

HATUA YA 3. Kipimajoto kihakikiwe kabla hujakiamini. Glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, chomeka, kinatakiwa kisome 0. Chetu kilisoma 1.5 na mkubwa akaandika kwenye karatasi akabandika juu ya boksi "TOA 1.5". Boksi lisilo na feni tunalenga 38.5 usawa wa mgongo wa mayai, lenye feni 37.5. Liwashe siku nzima tupu kwanza.

HATUA YA 4. Alama kwa penseli, X upande mmoja na O upande wa pili. Wino hapana, ganda lina vitundu. Geuza saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku. Mara tatu na sio nne, ili usiku ule mrefu yai lisilalie upande ule ule kila siku. Wa miaka 5 ndo msimamizi wa X na O na hajawahi kusahau.

HATUA YA 5. Mzani wa jikoni. Hii ndo hesabu yenyewe na watu wengi wanairuka. Yai linapoteza maji kupitia ganda, hadi siku ya 18 linatakiwa liwe limepungua kama asilimia 12 au 13 ya uzito wake. La gramu 50 lifike kama 44 hivi. Wanapima kila baada ya siku tatu, wanachora grafu. Likipungua haraka mno ndani pakavu, ongeza maji, likichelewa punguza. Wa kati alikuwa haelewi asilimia kabisa, nilimfundisha mwezi mzima kwenye daftari haikuingia, yai namba 4 limemwelewesha kwa siku tatu.

HATUA YA 6. Siku ya 7 usiku, zima taa, mulika kwa tochi ya simu. Yai zima lina mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linang'aa tupu, toa.

HATUA YA 7. SIKU YA 18 MPAKA 21. Hapa someni taratibu. Siku ya 18 unaacha kugeuza, unaongeza maji ili unyevu wa hewa ndani ya boksi ufike asilimia 65 mpaka 70 kwenye kipima unyevu (kabla ya hapo ni 50 mpaka 55), unafunika na HUFUNGUI TENA. Mara ya kwanza sikuzingatia hili. Tulikuwa na mayai 9 mazima, siku ya 20 asubuhi mdogo aliweka sikio kwenye boksi akasikia sauti ndani ya yai kabla hata halijapasuka, akapiga kelele, nikafungua ili wote wasikie, mchana nikafungua tena majirani waone, jioni nikafungua nimsaidie mmoja aliyetoboa tundu akanyamaza. Kila ukifungua unyevu wote unatoka. Walitoka wawili tu. Kesho yake tulivunja moja la waliokufa, kifaranga kakamilika, manyoya, kucha, kila kitu, na ile ngozi nyembamba ya ndani imekauka imegandia mabegani kama karatasi yenye gundi, asingeweza kugeuka hata kidogo. Mkubwa aliandika kwenye daftari "walikufa kwa sababu ya hewa kavu" na hakunilaumu, lakini mimi nililala vibaya siku nyingi. Kwa hiyo:
- Tundu la kwanza likionekana inaweza kuchukua saa 24 mpaka atoke. Acha.
- Usimbandue ganda. Mishipa bado ina damu, atavuja.
- Aliyetoka abaki humo mpaka akauke. Hana njaa, kiini cha yai kimeingia tumboni mwake kinamtosha siku mbili hivi.
- Mgeni akija aangalie kupitia kioo au arudi kesho.
Mara ya pili hatukufungua, wakatoka 7.

HATUA YA 8. Bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga, yenye joto 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Maji kwenye chombo kifupi chenye kokoto wasizame. Mikono kwa sabuni kila wakishika, hakuna kubusu kifaranga. Chanjo ya kideri muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako mapema.

Baada ya hapo watoto walibishana siku nzima. Wa kati anasema tumepata asilimia 58, maana 7 kati ya 12, mkubwa anasema 78, maana yenye mbegu yalikuwa 9. Sikuwaamulia. Jioni wakakubaliana wenyewe kwamba zote ni sahihi ila zinajibu maswali mawili tofauti.

Karibuni maswali.

MASWALI NA MAJIBU

Mdau wa Kinondoni: Mayai ya trei ya dukani yanafaa?
— Hatua ya 1. Wale kuku hawakai na jogoo.

Baba wa Wawili: Dada mi niko siku ya 23 hakuna hata kimoja, nimefata somo lako hatua kwa hatua. Angalau ungesema kama haifanyi kazi.
— Pole. Kipimajoto kilisoma ngapi kwenye barafu?
Baba wa Wawili: Sikuwa na kipimajoto, nilikuwa nashika kwa mkono nasikia vuguvugu.
— Basi hukufuata hatua kwa hatua kaka yangu, hatua ya 3 yote ni kipimajoto. Yakipoa kidogo wanavumilia, ila yakifika 40 na kuendelea wanakufa na mkono wako hauwezi kutofautisha. Kanunue kipimajoto, urudie.

Mama Mapacha: Asante sana kwa somo. Sisi huku hatuna umeme wa uhakika na boksi siliwezi, wanangu wana miaka 6, kuna namna?
— Ipo tena nzuri kuliko yangu. Tafuta kuku wa kienyeji anayeatamia, yule anayevimba manyoya akikaribiwa na hataki kutoka kwenye kiota hata ukimsukuma. Mpe siku mbili akikalia mayai yoyote, ukiona hatoki, basi usiku ondoa hayo umwekee yako 10 uliyotia alama za penseli. Halafu wapacha wawe wapelelezi. Akitoka kula mmoja ashike saa aone amekaa nje dakika ngapi, mwingine achungulie alama, X ziko juu ngapi, O ngapi. Wataona mama kuku mwenyewe anageuza mayai bila kuambiwa na mtu, na wataanza kuuliza kajuaje. Wakiuliza hivyo usikimbilie kujibu, waache wakisie kwanza. Mulikeni siku ya 7 usiku akiwa mtulivu. Niambie wamehesabu nini, mwanangu mdogo atataka kulinganisha.

Mzee wa Fedha: Na mtihani je? Mtoto atajibu mtihani kwa vifaranga?
— Asubuhi wana hesabu, nimeandika juu kabisa, na Kiswahili na Kiingereza pia kila siku. Hili ni somo la kuatamisha.

Mwalimu Mstaafu: Kipima unyevu je, nacho kinahakikiwa kwa barafu?
— Swali zuri mwalimu, na nilisahau kuliweka. Hapana, kile ni kwa chumvi. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, tone maji iwe kama uji mzito lakini isiyeyuke yote, tia kizibo na kipima pamoja kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, acha usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70 unaongeza 5 kila ukisoma. Watoto watauliza kwa nini chumvi ilingane kila mara, ni kwa sababu chumvi iliyolowa na hewa iliyofungiwa nayo wanafika mahali wanatulizana, maji yanayotoka na yanayorudi yanakuwa sawa.
Mwalimu Mstaafu: Nimefundisha miaka mingi hili sikulijua. Nami nawaongezea, yai bichi lolote mliloweke kwenye siki siku mbili, mbadili siki mara moja. Ganda linayeyuka lote mtoto anabaki na yai laini la kushika. Kisha lilazeni kwenye maji ya sukari nzito, linasinyaa. Mkilirudisha kwenye maji matupu linavimba.
— Mwalimu tumefanya leo jioni! La kwanza limepasukia mkononi mwa wa kati, la pili liko kwenye sukari sasa hivi. Lilikuwa gramu 71, tunapima tena asubuhi.

Kijana wa Kware: Kware siku ngapi?
— 17 au 18, kwa hiyo acha kugeuza mapema, kama siku ya 14 au 15. Bata wa kawaida ni 28, wa aina ya Muscovy (mwenye nyama nyekundu usoni) tu ndo anafika 35.

Dada wa Tanga: Majogoo wakikua mnafanyaje? Mwanangu alilia wiki nzima.
— Wanne kati ya saba walikuwa majogoo. Watoto niliwaambia siku ile ile ya kwanza kwamba majogoo tutakula, sikungoja wazoee. Wawili tulibadilishana na jirani kwa mtetea mmoja, wawili tulichinja. Mdogo alilia na nikamwacha alie, akaomba asile, hakula. Mkubwa aliomba tumpasue firigisi aone ndani, tukakuta vijiwe 23 na kipande cha kigae cha kikombe chetu cha bluu kilichovunjika mwezi wa pili. Vijiwe viko kwenye kopo dirishani mpaka leo.