Vyeo vya Candomblé kwa Kiingereza: namna ninavyovifasiri

Kabla hujagusa cheo chochote cha Candomblé, dini ya Brazil yenye mizizi ya Afrika, tafuta taifa la nyumba ya ibada. Hilo ndilo ninalowaambia vijana wanaoniomba niwapitie kazi zao, na ndilo wanaloliruka. Nyumba hizi, ambazo Wabrazili huziita terreiro, hujigawa kwa mataifa: Ketu lenye asili ya Kiyoruba, Jeje lenye asili ya Kifon kutoka Dahomey ya zamani, na Angola lenye maneno ya Kimbundu na Kikongo. Mama mkuu wa nyumba ya Ketu ni ialorixá. Wa Jeje anaweza kuwa doné. Wa Angola ni mameto de inquice. Kireno cha mtaani huwafunika wote kwa neno moja, mãe-de-santo, na mfasiri mwenye haraka huwafunika tena kwa “priestess”. Hapo msomaji wa London anabaki akidhani hili ni kanisa moja lenye makasisi wanawake.

Mimi ni mtu wa Mtwara. Kireno nilikipata Nampula, Msumbiji, nilikoolewa. Kiingereza nilikipata darasani. Sehemu kubwa ya riziki yangu sasa ni tafsiri za chini ya filamu na maelezo ya maonyesho kutoka Salvador, Bahia. Nasema haya kwa sababu Mswahili anayeingia kazi hii ana faida yake, na ana mtego wake.

Faida iko kwenye taifa la Angola. Ukikutana na xicarangoma, cheo cha mpigaji mkuu, huhitaji kamusi kuisikia ngoma imekaa mle ndani. Makota, wanawake wazee wenye cheo, wanakuja na ma- yao ya wingi kama maneno yetu, ingawa Kireno huongeza tena s mwishoni, au humwita mwanamke mmoja makota. Tata ni baba. Mungu Muumba ni Zambi, yule Nzambi wa Wakongo. Ukienda kwenye nyumba kongwe kama Bate Folha ya Salvador, iliyoanzishwa mwaka 1916, utasikia Kibantu kilichovuka bahari na kubaki hai vinywani mwa watu. Furahi, lakini usikitafsiri kwa kumbukumbu ya kwenu. Inquice ni mfano mzuri. Asili yake ni nkisi ya Kikongo, na kwenye Kiingereza cha makumbusho nkisi ni sanamu, mara nyingi ile iliyopigiliwa misumari. Nchini Brazil inquice ni mwenye enzi anayeabudiwa na kushuka kwa watu wake. Ukiandika “nkisi priest” bila neno la maelezo, msomaji ataona mlinzi wa sanamu. Mimi huacha tata de inquice, cheo cha baba mkuu wa nyumba, kama kilivyo, na mara ya kwanza naongeza kwamba inquice ni mungu katika Candomblé ya Angola.

Mtego wenyewe ni mãe-pequena. Sisi tunasikia mama mdogo, na akili inakimbilia kwa mdogo wake mama. Huyu ni msaidizi wa kwanza wa ialorixá, mtu wa pili kwa mamlaka ndani ya nyumba, na kwa Ketu jina lake ni iyakekerê. “Little mother” kwa Kiingereza inamfanya mtoto. Andika iyakekerê, kisha eleza kwamba ndiye wa pili katika uongozi.

Neno santo ndilo linalowaponza wengi. Wakilitoa neno kwa neno wanapata “mother of the saint”, na Mwingereza ataelewa mama mzazi wa mtakatifu, kama Monika kwa Augustino. Santo hapa ni orixá, yaani mungu kwa watu wa Ketu, aliyevishwa jina la Kikatoliki katika karne za utumwa. Mwaka 1983 mama wakuu watano wa nyumba za Salvador, wakiwemo Menininha do Gantois, Stella de Oxóssi na Olga do Alaketu, walitoa tamko la hadhara wakikataa dini yao ichanganywe na ya watakatifu wa kanisa. Hata hivyo, ndani ya terreiro zenyewe watu wanaendelea kusema mãe-de-santo, tena kwa mapenzi. Kwa hiyo mimi humfuata msemaji. Akisema mãe-de-santo, naacha mãe-de-santo. Akisema ialorixá, naacha ialorixá. Kuyageuza yote mawili kuwa neno moja ni kumnyang’anya mtu uchaguzi alioufanya kwa makusudi, na katika historia hii uchaguzi huo una uzito.

Mãe mbele ya jina haiguswi. Mother Stella inasikika kama mkuu wa watawa. Kwenye filamu sababu inaongezeka: mtazamaji anasikia “mãe” kwa sikio lake, na jicho likisoma kitu kingine anahisi amedanganywa. Tena mstari wa chini ya picha una nafasi ya herufi arobaini hivi. Mãe inachukua tatu.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya kuuliza: cheo hiki kinasema nini katika sentensi hii? Vyeo vingi vya Candomblé hubeba kwa pamoja kazi, undugu na umri wa kuingizwa katika dini, na Kiingereza hakina neno la kubeba vyote vitatu. Chukua iaô. Ni Kiyoruba, mke au bibi harusi, na huitwa hivyo mwanamume na mwanamke aliyekwisha kuingizwa lakini hajatimiza ibada ya wajibu ya miaka 7. Ukiandika “bride”, utawashangaza wasomaji kwa wanaume wenye ndevu. Ukiandika “novice”, umemchanganya na abiã, ambaye bado hajaingizwa kabisa. Naacha iaô na kueleza kwamba ni mwingizwa ambaye hajafikisha miaka 7. Akishatoa wajibu wa mwaka wa 7 anakuwa ebomi, yaani ndugu yangu mkubwa. Umri unaohesabiwa hapo ni wa kuingizwa. Binti wa miaka 20 aliyeingizwa akiwa mchanga ni mkubwa kwa mzee wa miaka 60 aliyeingizwa juzi, na mzee ndiye anayemwomba baraka. Aliyekulia kwenye jando na unyago ataelewa mara moja, kwa sababu kwetu pia walioingia pamoja wana rika lao lisilofuata cheti cha kuzaliwa. Msomaji wa Kiingereza hatakisia. “Elder” peke yake itamfanya aone mvi. Mwambie.

Ekede nataka nimtetee. Kamusi zitakupa msaidizi, na kutoka hapo wafasiri hufika kwenye “attendant” au, mbaya zaidi, “maid”. Ni kweli kwamba ekede humfuta jasho aliyepandwa na orixá, humfunga vizuri kitambaa na kumwongoza asijigonge. Lakini yeye mwenyewe hapandwi, na ndiyo maana orixá hukabidhiwa kwake. Amethibitishwa katika cheo chake maisha yake yote, watu humwita mama na kumwomba baraka. Mimi huandika ekede, kisha namweleza kama mwanamke mwenye cheo anayewatunza orixá wanaposhuka. Maneno yameongezeka, lakini heshima yake imebaki.

Upande wa wanaume wasiopandwa kuna ogã, na hapa “drummer” ni nusu ya ukweli. Alabê ndiye mkuu wa ngoma. Axogum huchinja. Pejigã hutunza madhabahu. Wengine ni ogã kwa sababu walikuwa ngao ya nyumba. Kanuni ya Adhabu ya Brazil ya 1890 ilifanya uganga na kile ilichokiita uchawi kuwa kosa, polisi walivamia terreiro na kubeba ngoma, na katika Bahia nyumba zilidaiwa usajili wa polisi hadi gavana alipoufuta kwa amri ya Januari 1976. Katika miaka hiyo, mtu mwenye jina mjini aliyepewa cheo cha ogã aliweza kusimama mlangoni na kuongea na askari. Ukikutana na ogã katika barua ya 1930, usimshikishe ngoma kabla hujajua alikuwa nani.

Obá anawaangusha hata wanaojua Kiyoruba, kwa kuwa kule ni mfalme. Mãe Aninha, aliyeanzisha terreiro ya Ilê Axé Opô Afonjá mwaka 1910, aliunda miaka ya 1930 baraza la obá 12 wa Xangô, orixá wa radi, akisaidiwa na Martiniano do Bonfim, babalaô (kuhani wa uaguzi) aliyesoma Lagos. Mfalme ni Xangô. Hawa ni mawaziri wake. Mwandishi Jorge Amado, mwanamuziki Dorival Caymmi na mchoraji Carybé waliwahi kukaa katika baraza hilo. “King Jorge Amado” ni upuuzi. “One of Xangô’s twelve ministers” ndiyo maana yake.

Umbanda ni dini nyingine ya Brazil, na Pai, yaani baba, mbele ya jina huko inahitaji jicho. Pai Joaquim anaweza kuwa kiongozi wa nyumba, na anaweza kuwa preto-velho, roho ya mzee aliyekuwa mtumwa. Tazama kitenzi: baixou, ameshuka, au incorporou, amempanda mtu, vinakuonyesha kwamba anayezungumza ni roho. Anayepandwa huitwa cavalo, farasi. Pwani yetu humwita kiti. Kiingereza cha wataalamu kimelizoea “horse”, basi litumie bila woga. Usilete pepo wetu kupitia “demon”.

Kuhusu macumbeiro na feiticeiro, maneno ya Kireno yenye harufu ya “mchawi”, angalia mdomo unaotamka. Katika ripoti ya polisi au mahubiri ni tusi, na tusi lifasiriwe kama tusi, ndani ya alama za kunukuu, bila kulainishwa. Mwaka 1999 picha ya Mãe Gilda wa Salvador ilichapishwa katika gazeti la kanisa moja chini ya kichwa kilichowaita watu wa dini yake matapeli. Alifariki tarehe 21 Januari 2000, na sheria ya 2007 imeifanya siku hiyo kuwa ya taifa ya kupinga chuki za kidini. Mfasiri anayeweka “witch doctor” kwa sauti yake mwenyewe, kama jina la kawaida la kazi, anarudia kichwa kile cha gazeti.

Kwa tahajia, fuata Brazil. Ialorixá au iyalorixá ni ya Bahia, iyalorisha ni ya nyumba za Marekani, na yenye alama za sauti ni ya Nigeria. Nyumba ikiwa na tovuti au kibao mlangoni, andika kama wao wanavyojiandika, hata kama jirani yao anaandika vingine. Mhariri akitaka “high priestess”, mkatalie kwa upole na mpe maelezo baada ya mkato badala yake: Mãe Stella de Oxóssi, iyalorixá, head of Ilê Axé Opô Afonjá until 2018. Na kwenye faharasa mweke chini ya S. De Oxóssi si ukoo wala kijiji; ni orixá mlinzi wake, mwenye kichwa chake.